SIMU YA OFISI IKO MFUKONI MWA NANI?

Ukitaka kuchekwa kijiweni hapa Bariadi, taja simu ya mezani. Wenzako watashika mbavu. Mmoja atakuuliza kama kwenu bado mnawasha moto kwa kupekecha vijiti. Mwingine atachomoa simu yake ya kupangusa na kuipunga hewani kama wakili aliyeshinda. Kesi imefungwa, turudi kwenye mpira.

Mimi nasema kesi haijafungwa. Haijasikilizwa hata.

Ndugu msomaji, tuanze na ukweli, maana hoja isiyo na ukweli ni debe tupu. Simu ya mezani haikuwa ya watu wote hata siku moja. Mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani kama 170,000 na ushee tu, na sensa ya 2002 ikatuhesabu watu zaidi ya milioni 34. Piga hesabu mwenyewe. Walionazo walikuwa maofisi, wakubwa na wenye maduka. Wazazi wetu wa wilayani walikwenda posta, wakapanga foleni, wakamwomba opareta awaunganishe, kisha wakapiga kelele mpaka foleni nzima ikajua siri za ukoo. Kwa mama wa kijijini Itilima au Meatu simu ya mezani haijafa. Haikuwahi kuzaliwa.

Kwa hiyo sikuja hapa kulilia nguzo na waya. Mobitel ilianza mwaka 1994, wengine wakafuata, na ilipofika 2022 laini za mkononi zilikuwa zimepita milioni 60 wakati za mezani hazifiki laki moja. Mshindi anajulikana. Hata riwaya yangu nimeiandika sura tatu kwenye simu ya mkononi, usiku umeme umekatika. Siwezi kuitukana mbeleko iliyonibeba.

Lakini ninyi mnaoshangilia, hebu niulize: mnajua kilichoondoka pamoja na ile simu? Iliondoka namba ya mahali. Simu ya mezani ilikuwa ya meza, siyo ya mtu. Ulipiga hospitali ya wilaya, ikaita hospitali ya wilaya. Mganga amehama, amestaafu, yuko likizo Ukerewe, haikuhusu. Aliyeketi pale ndiye aliyejibu. Leo hupigi ofisi, unampigia mtu. Mtu akihamishwa anaondoka na ofisi mfukoni.

Mtaniambia natia chumvi. Haya, tembeeni. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, wilaya tano, Bariadi ikiwa makao makuu. Barua zetu za serikali bado zinabeba 028 juu kabisa, pengine na nukushi chini yake. Mwaka jana mimi nilikuwa nafuatilia karatasi yangu katika ofisi moja, sitaitaja. Nikapiga ile namba ya kwenye barua. Kimya. Nikaenda kwa basi. Nikaambiwa, "Anayehusika hayupo, chukua namba yake." Nikaichukua. Simu unayopiga haipatikani. Nikaenda tena. Kumbe kahamia mkoa mwingine, na namba kaenda nayo. Nauli mara mbili, karatasi sina.

Hiyo ni karatasi tu, haikuua mtu. Sasa fikirieni mkulima wa pamba. Msimu wa 2019 wanunuzi walichelewesha malipo, watu wakakaa miezi na stakabadhi mkononi wakiwa hawana ada wala mbegu. Mkulima wa Maswa akitaka kuuliza pesa yake iko wapi, ampigie nani? Chama cha msingi hakina simu, katibu ndiye mwenye simu. Katibu akizima, chama kizima kimezima! Je, hiyo ndiyo maendeleo, mlango wa haki kufungwa na kidole cha mtu mmoja?

Na kuna la pili. Huduma ikikaa kwenye simu ya mtu, inageuka hisani. "Nipigie jioni kwa namba yangu," anakwambia, na wewe unajua maana ya jioni. Huko hakuna kitabu cha kuandika nani alipiga saa ngapi, wala mwenzake wa meza ya pili anayesikia. Rushwa inapenda sana mazungumzo yasiyo na shahidi.

Halafu mtazameni na muuguzi. Dada wa watu namba yake iko kata nzima. Vocha ananunua kwa mshahara wake, saa nane za usiku anaitwa, siku ya mapumziko anaitwa, msibani anaitwa. Asipopokea, anaitwa mwuaji. Kumfanya binadamu kuwa ubao wa simu ni dhuluma nayo.

Matapeli nao wanachekelea. Sote tumepata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tulisajili laini kwa alama za vidole, na waliochelewa wakaanza kufungiwa Januari 2020, lakini matapeli hawakuhama nchi. Kama kila afisa anatumia namba yake binafsi, bibi yangu atamtofautisha vipi mtendaji wa kata na mwizi? Wote wawili ni 07 kitu gani sijui.

Wapo watakaosema mambo ya waya yamepitwa na wakati. Jamani! Neno simu lenyewe tumelitoa Uajemi, na huko maana yake ni waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zilipokatika chini ya Bahari ya Hindi, intaneti ilizorota nchi nzima, na hizo simu zenu za kupangusa zikabaki vioo vya kujitazamia. Waya haujafa. Umejificha tu, nanyi mnaukanyaga mkiucheka.

Wengine watasema ofisi inunue ya mkononi, yaishe. Nakubali! Sigombanii umbo. Zipo hata simu za mezani zinazotumia laini ya kadi kama hizi za mfukoni. Ninachogombania ni kwamba iwe ya ofisi, ibaki ofisini, na ipokelewe. Inawezekana, maana tumeshaiona. Mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, unamwita mama mjamzito apige 115 bila malipo atafutiwe usafiri. Namba hiyo haihami, haiendi likizo, haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Kama tumeweza kwa mama mwenye uchungu, tunashindwa nini kwa zahanati, kituo cha polisi na ofisi ya kata?

Msiniambie hakuna kampuni. Serikali ilinunua hisa za TTCL zilizokuwa kwa Airtel mwaka 2016, na sheria ya 2017 ikaifanya Shirika la Mawasiliano Tanzania. Ni mali yetu. Ng'ombe ni wetu, na bado tunaomba maziwa kwa jirani?

Basi nadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kila ofisi ya umma Simiyu iwe na namba yake. Namba hiyo iandikwe kwa rangi mlangoni, herufi kubwa, bibi aisome toka barabarani. Anayehamishwa aikabidhi kwa maandishi kama anavyokabidhi mihuri na funguo. Na awepo wa kupokea, zamu kwa zamu, bili ilipwe na ofisi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeacha, na msala wenyewe umepita na mwenyewe. Wenzangu wa kijiweni, chekeni mnavyotaka. Lakini siku mtoto anachemka homa usiku wa manane na namba pekee mliyonayo ni ya mganga aliyehamia Songea, msije kunigongea mimi mlango. Gongeni wa yule aliyeondoka na simu yenu mfukoni.