SAUTI NI YA NANI?



Desemba ikifika, kuanzia Kondele hadi Dunga ni Krismasi ya Boney M. Kundi hili la disko liliundwa Ujerumani miaka ya 1970. Mwaka 1978 lilirekodi upya wimbo wa Wajamaika uliotoka Zaburi 137, kilio cha mateka wa Babeli, watu wakaucheza disko. Wengine hulaumu hilo. Mimi nalaumu lingine.

Bobby Farrell, mwanamume pekee jukwaani, alivaa mavazi ya kumeremeta, akaruka, akashangiliwa. Lakini sauti nzito ya kiume kwenye rekodi haikuwa yake! Ilikuwa ya Frank Farian, mtayarishaji wao, aliyeimba studioni.

Sasa wewe! Jumapili umevaa sare ya kwaya, unaruka mbele za watu. Jumatatu mtoto akiugua, unanipigia: "Pasta, niombee." Nitaomba, ndiyo. Lakini magoti yako yako wapi? Mimi si studio yako!

Isaya 29:13 inakemea midomo iliyo karibu na moyo ulio mbali. Wewe hata midomo umeazima!

Siku ile hakuna wa kukuimbia. Leo usiku funga mlango, piga magoti, omba MWENYEWE.

Uko tayari? Andika AMINA.