Usinunue koili kwa namba moja

Leo naomba niwachokoze waandishi wa programu wenzangu. Kifaa kikizima na kujiwasha chenyewe, sisi hukimbilia programu. Tunaipekua usiku kucha na kutuma toleo jipya, kumbe ugonjwa uko kwenye ile koili ya shilingi chache iliyo kwenye saplai. Mimi nasema hivi: anayeandika programu ya kifaa anapaswa pia kujua jinsi koili yake ilivyochaguliwa.

Kazi ya koili si ngumu kuelewa. Chipu ya kushusha volti hukata na kurudisha umeme kwa kasi kubwa. LM2596, ambayo mafundi wengi wanaijua, hufanya hivyo mara 150,000 kwa sekunde. Umeme ukipita, koili huweka akiba ya nguvu katika sumaku yake. Ukikatwa, huitoa akiba hiyo kwa kifaa. Lakini koili hushiba. Mkondo ukizidi kiwango fulani, kiini chake hakiwezi kubeba sumaku zaidi, na kuanzia hapo inakuwa kama kipande cha waya tu. Mkondo unapaa, chipu inajikinga, volti inaanguka.

Tuchukue mfano. Kifaa kinapima maji kwenye tangi la kijiji na kutuma SMS. Kina betri ya sola ya volti 12 na moduli ya simu ya SIM800L, tunayoilisha volti 4. Ukipima kwa mita utaona mkondo wa wastani ni mdogo, utafurahi. Lakini wastani unadanganya! Simu ya GSM hutuma kwa vishindo vya maikrosekunde 577, kila baada ya milisekunde 4.6, na kila kishindo kinaweza kufika ampea 2. Ndani ya kishindo kimoja chipu hupiga mizunguko 86 hivi. Kapasita itasaidia, ila koili lazima ifuate. Volti zikishuka chini ya 3.4, moduli inazima.

Sasa hesabu. Zidisha volti 4 kwa (1 − 4/12), kisha ugawanye kwa mizunguko 150,000 mara koili ya maikrohenri 33. Jibu ni ampea 0.54. Hicho ndicho kiasi ambacho mkondo hupanda na kushuka ndani ya koili. Ni asilimia 27 ya ampea 2, na wengi hulenga kati ya 20 na 40, kwa hiyo maikrohenri 33 inafaa. Nusu ya 0.54 huongezwa juu ya 2, na kilele kinakuwa kama ampea 2.27. Mimi ningechukua koili inayoshiba kwa ampea 3 au zaidi.

Mtaniambia moduli imeandikwa ampea 3. Sawa, lakini hicho ni kipimo cha chipu, na koili ina kikomo chake. Wengine husema chukua maikrohenri nyingi zaidi ili uwe salama. Hapana! Kwa umbo lile lile, maikrohenri nyingi ni mizunguko mingi ya waya mwembamba, yaani ukinzani zaidi, joto zaidi, na koili inashiba mapema. Na tahadhari: koili iliyoandikwa 330 ni ya maikrohenri 33, si 330.

Kwa hiyo ukinunua, uliza namba tatu: maikrohenri, mkondo wa kushiba, na ukinzani wa waya. Ukinzani wa omu 0.1 kwa ampea 2 unapoteza wati 0.4, zote zikiwa joto. Soma pia kipimo kilichukuliwaje, kwa sababu mtengenezaji mmoja huhesabu koili imeshiba ikipoteza asilimia 10 ya maikrohenri, mwingine asilimia 30. Kumbuka vilevile kwamba kiini cha feraiti kikipata joto hushiba mapema zaidi, na sanduku la chuma juani si meza ya maabara.

Muuzaji asipoweza kukuonyesha namba hizo, nenda duka la pili. Tofauti ya bei ni ndogo. Kijiji kinachokaa bila taarifa ya maji hakitauliza kama kosa ni la programu au la koili. Kitasema tu kwamba kifaa chako ni kibovu, na kitakuwa kimesema kweli.