Namba ya upepo: nani alipima, na fasi gani?

Mtu wa mgodi hahitaji kufundishwa kama kipimo ni mkate. Mawe iko yale yale, lakini namba inabadilika kufuatana na mizani ya nani. Leo tunaongea juu ya kipimo cha mbali: kipimo cha upepo baharini. Si habari ya wengine. Shaba na kobalti yetu, kiisha kupita Kasumbalesa, inapandishwa melini kule Durban, Dar es Salaam ao Beira. Ndani ya hizo meli kuna watu wenye bibi na watoto kama sisi, na maisha yao inategemea namba ya upepo.

Watu wengi wanafikiri kupima upepo ni kazi nyepesi: unaweka juu ya mlingoti kile chombo chenye vikombe vinavyozunguka, kiisha unasoma. Hapana. Tuseme meli inakwenda mbele kilometa 30 kwa saa, na upepo unatoka mbele, nao kilometa 30. Chombo kitaandika 60. Meli ikigeuka, upepo ule ule ukaisukuma kutoka nyuma, chombo kitaandika zero. Upepo haukubadilika hata kidogo! Kila mara inapashwa kutoa mwendo wa meli na upande inakoelekea. Mtu akikosa hesabu hiyo, anatumia wenzake uongo bila kutaka.

Tena kuna mambo ya fasi. Meli kubwa ni kama nyumba ya magorofa: upepo ukiigonga, unapanda, unazunguka, fasi ingine unakimbia zaidi, fasi ingine unalala. Ukiweka chombo nyuma ya ukuta, kitasema kuko kimya wakati bahari inachemka. Na urefu pia. Shirika la ulimwengu la hali ya hewa, OMM, linataka upepo uhesabiwe kwa mita 10 juu ya maji. Lakini maboya mengi ya utafiti katika bahari ya Hindi yanabeba chombo kwa mita 4 hivi, na huko chini upepo ni mdogo: namba inaweza kupungua karibu sehemu 1 juu ya 10. Wataalamu wanairekebisha kwa hesabu, lakini kwanza inapashwa kujua chombo kilikuwa urefu gani.

Sehemu 1 juu ya 10 ni kitu gani? Ni nyingi. Upepo wa kilometa 100 hausukumi mara mbili ya ule wa 50, unasukuma mara nne. Kwa hiyo, ukipunguza namba kwa sehemu 1 juu ya 10, umeficha karibu sehemu 1 juu ya 5 ya nguvu yake.

Wazee wa bahari walijua hatari hiyo. Karibu mwaka wa 1806 Mwingereza Francis Beaufort aliandika ngazi ya upepo, kutoka 0 mpaka 12, kwa kuangalia matanga, kusudi kila nahodha aseme neno moja kwa kitu kimoja. Mwaka wa 1853 wajumbe wa inchi 10 walikutana Bruxelles, wakapatana namna moja ya kuandika hali ya hewa ndani ya meli. Na leo bado kuna tofauti: kwa vimbunga, Waamerika wanatafuta wastani wa upepo wa dakika 1, wakati OMM inataka dakika 10. Kimbunga kimoja, namba mbili. Asiyeuliza dakika ngapi, atadanganyika.

Setilaiti je? Inasaidia sana. Lakini radar yake haioni upepo wenyewe. Inaona mikunjo midogo ambayo upepo unafanya juu ya maji, na namba zake zinasahihishwa kwa kuzilinganisha na zile za maboya. Boya likisema uongo juu ya chumvi iliyokula vyuma vyake, ao likivunjwa na wavuvi, hata setilaiti inapoteza mwalimu wake. Kimbunga Idai kilipogonga Beira usiku wa tarehe 14 mwezi wa tatu 2019, watu zaidi ya 1,000 walikufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Katika bahari ile, nguvu ya kimbunga inakadiriwa zaidi kwa picha za setilaiti, kwani vipimo vya kwenye maji ni vichache. Kuchunga boya moja si kazi ya bule.

Msimamo wetu ni huu: namba isiyosema imetoka wapi, isipewe heshima ya namba. Na hapa tunarudi kwetu, kwa sababu chini ya udongo pia upepo unapimwa. Hewa ya kupumua inapimwa kwa chombo cha gurudumu dogo, ndugu wa kile cha melini. Ukipimia fasi nyembamba, hewa inakimbia na namba inapanda. Mpimaji akisimama vibaya katikati ya njia, mwili wake unageuza upepo sawasawa na ile meli.

Basi, wajumbe wa sendika, mkionyeshwa karatasi ya hewa ya mgodini, msisaini mbele ya kuuliza maulizo matatu: Chombo kilisimamishwa fasi gani? Kilipima dakika ngapi? Kilisahihishwa mara ya mwisho siku gani? Mkubwa anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika, atafungua kitabu na kuwaonyesha. Asiye na jibu, mwambieni apime tena, na ninyi mkiwa pale.