Noti Ilisubiri Ubeti Wake

KIBARAZANI
Na Mwanakheri Juma

Juzi harusini nilikaa karibu na bibi mmoja, mkononi ana noti ya elfu mbili kaikunja mara nne. Beti tatu zikapita, hajatikisika. Ulipoingia wa nne akainuka, akaenda kwa madaha, akaipunga noti ile mbele ya mama mmoja wa meza ya mbele, ndipo akamtunza mwimbaji. Ukumbi mzima ulijua nani kaambiwa nini.

Wapo wanaoshikilia kwamba mpenda muziki au msoma riwaya ana roho laini kuliko wenziwe. Mie siamini. Bibi yule alistarehe kwelikweli, na starehe yake yote ilikuwa kumchoma mtu.

Ila kila nikitaka kuifunga hoja hii, nakwama kwenye wimbo wa "Kijiti". Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba kisa cha kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitolewa matembezi Unguja, akauawa. Muuaji akavukia bara. Wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa, kwa sababu ya pombe iliyonywewa siku hiyo. Miaka mingi baadaye Bi Kidude naye akauimba.

Hakimu hakumpa mgeni yule haki yake. Waimbaji wakampa wimbo mtamu, na ni utamu huo uliomweka midomoni mwa watu karibu miaka mia. Ungekuwa haukai sikioni, angesahaulika na jalada lake. (Nani huenda kusoma majalada kwa raha zake?) Lakini anayetikisa mabega kwa kifo cha mtu ana wema gani? Kwa kutikisa tu, naona hana. Ameubeba mzigo bila kujua kilichomo.

Jirani yangu anauimba tangu utotoni. Siku moja anakuna nazi, wimbo uko kwenye simu yangu, nikamhadithia asili yake. Mkono ukasimama juu ya mbuzi.

"Kumbe kweli? Mie nikidhani ngano."

Akaniomba niurudishe mwanzo. Safari hii hakuitikia. Alisikiliza kifuu kimo mkononi, tui la watu linangoja. Ulipokwisha hakusema kama ni mzuri. Alitaka kujua wale mashahidi waliishia wapi.