Goma: Telekomande ya gari ya zamani si uchawi, mwenye gari asimame karibu na fundi

Wenye magari ya zamani mjini Goma wanaendelea kulipia kazi wasiyoonyeshwa. Mtu akipoteza telekomande ya milango, fundi anamwambia: acha gari, rudi jioni, kuna mashini ya kuingiza kodi. Jioni analipa dola na kuondoka bila kujua kilichofanyika. Desturi hiyo ikome.

Kwenye Toyota na Honda nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, telekomande ya milango inaingizwa bila mashini. Fundi anatia na kutoa ufunguo kwenye kontakti, au anauzungusha, anafungua na kufunga mlango wa dereva kwa mpango wa aina ile ya gari, hadi loki zijibu zenyewe. Kisha anabonyeza telekomande mpya. Ni dakika chache tu. Mashini mara nyingi inahitajika kwa chipu ya ndani ya ufunguo, ile inayoruhusu mota kuwaka. Hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Fundi anayechanganya hizo mbili makusudi anaiba.

Watu watasema ujuzi unalipwa. Ndiyo, ulipwe. Lakini ujuzi haujifichi, wala hauuzi telekomande ya gari ya Ulaya, ya megahezi 433, kwa gari ya Japani inayosikia karibu megahezi 315. Hiyo haitaingia hata ikijaribiwa mwezi mzima.

Na pesa si hatari kubwa kuliko zote. Wakati wa vita, familia zinauza magari mbio mbio, na telekomande moja tu. Ya pili iko kwa nani? Toyota nyingi za zamani zinakubali njia mbili: loki zikipiga mara moja, telekomande mpya inaongezwa juu ya zile za zamani, zikipiga mara mbili, za zamani zinafutwa zote. Fundi anayeongeza tu anamwachia mtu asiyejulikana uwezo wa kufungua gari usiku. Na kwa familia iliyohama, yenye godoro, sufuria na vyeti vya watoto ndani ya gari, gari hiyo ndiyo nyumba.

Basi mwenye gari aulize bei mbele ya kazi, alete telekomande zake zote, adai za zamani zifutwe, na asimame pale akihesabu loki zinavyopiga. Fundi anayemfukuza mteja wake asipewe gari.