Sakafu ya Mashua Inapobonyea

Wengi wenu mwakaa kandokando ya ziwa Tanganyika au Kivu, nanyi mwaijua vema mashua ya mbao. Ndiyo iwapelekayo wavuvi usiku, na mchana huchukua mihogo, akina mama na watoto kwenda sokoni. Juma hili twapenda kueleza jambo ambalo watu hulidharau: sakafu ya mashua kuukuu ianzapo kubonyea chini ya mguu.

Mara nyingi mwenye mashua hupigilia ubao mpya juu ya ule mbovu, na kwa saa moja kazi imekwisha. Lakini nguvu ya mashua haimo katika sakafu. Imo katika mataruma, yaani mbavu zake, na katika mkuku ulio chini kabisa. Ikiwa sakafu imeoza, mataruma yaliyolala chini yake katika giza na unyevu ule ule yana hali gani? Ubao mpya hauponyi kitu; wafunika ugonjwa tu. Kisha siku ya mawimbi misumari hung'oka katika mti uliolegea, na mbao za ubavuni zikaachana katikati ya ziwa.

Kwanza tujue sababu. Mti hauozi kwa maji peke yake. Mlaji wake ni kuvu, jamaa ya uyoga, naye ataka unyevu pamoja na hewa. Mti mkavu, ambao maji yake hayafiki sehemu 20 katika 100 za uzito wake, hawezi kuula. Mti uliozama daima nao humshinda, maana hapo hewa ni haba. Merikebu ya vita iitwayo Vasa ilizama Stockholm mwaka 1628, katika maji baridi yasiyo na wadudu wa baharini watoboao mti. Ilipoinuliwa mwaka 1961, baada ya miaka 333, ilitolewa maji na matope, nayo ikaelea tena. Basi palipo hatari ni pale penye maji kidogo yasiyokauka na hewa isiyotembea. Ndipo hapo chini ya sakafu, yanapoteremkia maji ya mvua na ya nyavu.

Namna ya kukagua ni hii. Ipandisheni mashua pwani, iegemezwe sawasawa, kisha ng'oeni sakafu yote, si ule ubao mbovu tu. Fagieni matope na magamba ya samaki, mkaache pakauke. Gongeni kila taruma kwa nyundo ndogo: mti mzima hulia kwa sauti kali, mti mbovu hutoa sauti nzito iliyokufa. Chomeni kwa ncha ya kisu penye mashaka, hasa kwenye vichwa vya mbao, kandokando ya misumari, na pale taruma likutanapo na mkuku. Kisu kikizama bila nguvu, au mti ukikatika vipande vidogo vya mraba, kuvu amekwisha kuingia. Rangi nzuri isiwadanganye, kwani mara nyingi mti huoza chini yake.

Sasa tengenezeni. Kateni ubovu wote, tena mpite sentimeta 30 au zaidi ndani ya mti mzima, kwa sababu kuvu hutangulia mbele ya jicho. Taruma lililooza kidogo laweza kusaidiwa kwa jingine jipya lililofungwa ubavuni mwake. Lililooza sana liondolewe, lakini moja moja, mashua isije ikapotoka umbo. Chagueni kiini cha mti mgumu kama mvule. Sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda haidumu. Pakeni rangi au mafuta pande zote za ubao mkavu, hata kwenye vichwa vyake, kabla ya kuufunga.

Sakafu mpya ifungwe kwa parafujo, ili iweze kuondolewa tena, na nafasi ndogo iachwe kati ya ubao na ubao hewa ipite. Zibueni matundu ya chini ya mataruma, maji yateremke hata pale pa kuyafua. Mashua ikipumzika, iezekewe paa dogo la kuzuia mvua, pande zikiwa wazi.

Twajua kwamba mashua isiyofanya kazi haileti chakula nyumbani. Hata hivyo, kisu kikizama katika mkuku au katika mataruma yanayofuatana, mashua hiyo isichukue mtu hata mmoja mpaka itengenezwe. Hasara ya majuma mawili yalipika. Mtoto aliyezama halipiki.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mashua sisi twaongeza: kabla ya kuziba, chungulieni ndani.