Kisima cha Msikiti na Maji ya Mto

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, mwezi uliopita walitufikia wazee watatu wa kamati ya msikiti mmoja wa Dar es Salaam, katika mitaa isiyo mbali na bahari. Jina la msikiti hatulitaji, kwani wazee hawakuja kushitaki mtu bali kuuliza. Msikiti huo una kisima kilichochimbwa zamani, cha mita thelathini hivi, ambacho watu walikinywea kwa miaka mingi. Maji yake yakaingia chumvi. Akapatikana mfadhili, Allah amlipe kheri, kikachimbwa cha pili kirefu zaidi, na kibao cha marumaru kikabandikwa. Nacho sasa kimeanza kuonja magadi. Mabomba ya udhu yanaota kutu na akina mama wa jirani wanayachukua kwa kufulia tu. Mfadhili mwingine ametuma fedha za kisima cha tatu. Fundi anasema ashuke chini zaidi. Wazee wanauliza: je, fedha hizo zaweza kugeuzwa zikatumika kuvuta bomba la maji ya mto, ambalo limekwisha kufika barabarani, na kujenga tangi?

Swali hili kwa dhahiri ni la fedha, na jibu lake katika vitabu vya waqfu si gumu. Lakini ndani yake mna jambo lililo kubwa kuliko msikiti mmoja, nalo ni hili: kisima tunachokihesabu kuwa ni chetu hakina maji yake peke yake. Bomba lake linashuka katika mchanga uliolowa, na mchanga huo ndio uleule ulio chini ya hoteli, kiwanda, gereji na nyumba ya jirani. Kila pampu inanyonya katika chungu kimoja. Maji matamu yaliyo karibu na pwani yanazuia maji ya bahari kwa uzito wake. Yakipungua, bahari inasogea chini kwa chini. Kuchimba zaidi mahali pale pale mara nyingi ni kuikaribisha. Mji wetu ulianza kutegemea visima kwa wingi baada ya ukame wa 1997, mto Ruvu ulipopungua, na tangu hapo watafiti wamekuwa wakikuta chumvi katika visima vya maeneo mengi ya karibu na ufukwe.

Tunaomba msomaji atuvumilie tumpeleke mbali kidogo, kwa ndugu zetu wa Jakarta, kwa kuwa wao wametutangulia katika njia hii nao wamefika mahali pa kuogofya.

Katika mtaa wa Muara Baru, kaskazini ya Jakarta, upo msikiti uitwao Wal Adhuna. Ulijengwa juu ya nchi kavu, ukasaliwa. Leo umesimama ndani ya maji, upande wa nje wa ukuta wa kuzuia bahari, na sakafu walipokuwa wakisujudu watu imefunikwa. Uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anayesimama juu ya ukuta ule huona mambo mawili kwa mara moja: upande mmoja bahari na kuta za msikiti, upande wa pili mapaa ya nyumba za watu, yakiwa chini kuliko usawa wa bahari.

Bahari nayo imepanda, hatukanushi. Lakini kupanda kwake ni kwa milimita chache kwa mwaka, ilhali ardhi ya Jakarta imepimwa ikishuka sentimita kadhaa kwa mwaka, na katika baadhi ya sehemu za kaskazini zaidi ya sentimita kumi. Zipo sehemu zilizoshuka jumla ya mita nne hivi katika miongo michache. Sababu hutajwa zaidi ya moja: uzito wa majengo, na kwamba udongo ule ni tope changa la mito linalojikaza lenyewe. Hata hivyo wataalamu wamelitia kundi la mbele lile la kuvuta maji ya ardhini. Namna yake ni nyepesi kufahamika. Chini ya mji mna tabaka za mchanga na tabaka za udongo wa mfinyanzi, zikipandana kama mikeka. Maji yaliyomo yanasaidia kubeba mzigo wa juu. Pampu zikiyatoa, mfinyanzi unabanwa na kujikunja, na sehemu kubwa ya kujikunja huko hairudi tena hata mvua ikinyesha miaka mia. Mchanga ukipata maji hunywa. Mfinyanzi uliokwisha kubanwa haufunguki.

Sasa jiulize, ndugu msomaji, kwa nini mji unaopitiwa na mito kumi na mitatu unywe maji ya chini? Kwa sababu mito yenyewe imechafuliwa, na kwa sababu bomba halikuwafikia watu. Bwawa kubwa la Jatiluhur lilijengwa juu ya mto Citarum, kazi ikianza 1957 na kumalizika 1967, na maji yake husafiri kiasi cha kilomita 70 kwa mfereji wa wazi mpaka Jakarta. Ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya mji. Lakini mji ulikua kuliko mfereji. Mwaka 1998 huduma ya maji ilikabidhiwa makampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25, uliokwisha mapema 2023, na mpaka mwisho wake takriban theluthi moja ya wakazi walikuwa hawajafikiwa na mabomba. Mtu asiye na bomba atafanya nini? Atachimba. Na mwenye jengo la ghorofa ishirini, ambaye bomba linapita mlangoni pake, naye alichimba, kwa kuwa maji ya pampu yake yalikuwa rahisi kuliko ankara.

Hapa ndipo tunapoona tofauti ambayo sheria njema haina budi kuiona. Mkuu wa mkoa wa Jakarta alitoa kanuni mwaka 2021 ya kuweka maeneo yasiyoruhusiwa kuvuta maji ya ardhini, ikaanza kutekelezwa tarehe 1 Agosti 2023. Haikuanza na bibi mwenye kisima cha ndoo. Ilianza na majengo ya sakafu ya mita za mraba 5,000 na zaidi, au ya ghorofa nane na kuendelea, katika maeneo yaliyokwisha kufikiwa na mabomba. Kwanza maji ya mto yafike, kisha pampu izimwe, na wakubwa watangulie. Nao wamekubali kwamba maji hayo hayapatikani ndani ya mipaka ya mji peke yake: Jatiluhur iko mkoa wa Java Magharibi, na bwawa la Karian, lililozinduliwa Januari 2024, liko mkoa wa Banten. Mikoa mitatu ikalazimika kukaa katika mpango mmoja. Wamechelewa, na wengi wao wanalisema hilo wenyewe. Msikiti wa Wal Adhuna hautarudi nchi kavu.

Je, kuzima pampu kunafaa kweli, au ni maneno ya vikao? Kunafaa. Huko Texas, Marekani, ardhi ya kandokando ya mfereji wa meli wa Houston ilishuka mita tatu hivi kwa sababu ya visima vya viwanda na vya mji. Mtaa mzima wa Brownwood, katika mji wa Baytown, ulididimia mpaka kimbunga Alicia cha 1983 kikaumaliza; leo ni hifadhi ya ndege. Mwaka 1975 bunge la jimbo liliunda chombo cha kusimamia wilaya mbili kwa pamoja, Harris na Galveston, chenye uwezo wa kutoa na kunyima vibali vya visima, na viwanda vikahamishiwa maji ya mito ya San Jacinto na Trinity. Maji ya chini yakapanda tena, na kushuka kwa ardhi ya upande ule kukakaribia kusimama. Lakini upande wa kaskazini-magharibi, ambako mji ulitanuka kwa kutegemea visima, ardhi iliendelea kushuka. Mji mmoja, hukumu mbili, na kilichozitenga ni chanzo cha maji.

Turudi kwetu. Hatusemi kwamba Dar es Salaam inazama. Balaa iliyo mlangoni petu ni chumvi. Na dawa yake ni ya aina ileile. Maji ya mji wetu mengi hutoka mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mto huo chimbuko lake ni milima ya Uluguru. Mwishoni mwa 2022 mto ulipungua, mgao ukaingia, na visima vikawa ndiyo tegemeo. Vile virefu vya Kigamboni vikazinduliwa Novemba ya mwaka huo. Mwezi huohuo ukatiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, la kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, ili mvua ya masika isaidie kiangazi. Huo ndio mpango wenyewe: kisima kiwe akiba ya mwaka wa ukame badala ya kuwa chakula cha kila siku. Anayeimaliza akiba mwaka wa neema, siku mto ukikauka atakwenda wapi?

Ama katika dini yetu, msingi wa haya si mgeni. Imepokewa kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Imepokewa pia kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana, nayo ni kanuni ambayo mafaqihi wamejengea milango mingi. Wao wameandika juu ya harimu ya kisima, yaani eneo lililo kando yake ambalo mtu mwingine hachimbi, wakakhitalifiana juu ya idadi ya dhiraa. Makusudio yao ni wazi: wa pili asiyavute maji ya wa kwanza. Walipima kwa dhiraa kwa sababu walivuta kwa ndoo na ngamia. Pampu ya umeme inafika mbali kuliko dhiraa arubaini, basi hukumu itafuata dhara na haitafuata kamba ya kupimia.

Na mto nao usidhaniwe kuwa ni mali isiyo na haki za watu. Katika Sahihi ya Bukhari imo kesi ya Zubayr (r.a.) na jirani yake wa Kiansari juu ya mfereji wa Harra: wa juu anywesheze kisha amwachilie wa chini. Tunaposema mji uhamie kwenye maji ya mto, wafugaji na wakulima wa bonde la Ruvu ni washirika katika mpango huo, na haki yao isije ikafutwa kwa sababu sisi wa mjini ndio wengi.

Tunajua maneno haya yatawagusa wafadhili na wale tunaowategemea kwa ujenzi. Kuchimba kisima ni sadaka tukufu. Saad bin Ubada (r.a.) alimchimbia mama yake, na Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma akawapa Waislamu. Lakini tuangalie vizuri kitendo cha Uthman: kisima kilikuwapo, na watu walikuwa wakiyanunua maji yake. Alichokiondoa ni kizuizi kati ya watu na maji. Siku hizi kizuizi hicho chaweza kuwa gharama ya kuunganisha bomba, au mita, au tangi la kupokelea maji siku za mgao. Nani amesema thawabu ya bomba ni ndogo kuliko thawabu ya kisima? Tunakhofia kwamba baadhi yetu tumependa kisima kwa kuwa kinapigika picha.

Na tusisahau sehemu yetu wenyewe. Imethibiti kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. (Ile hadithi mashuhuri ya kukatazwa israfu hata kando ya mto unaopita, wanavyuoni wameizungumzia isnadi yake, kwa hiyo hatuitegemei, hii ya mudi inatosha.) Katika misikiti yetu mtu mmoja huacha bomba wazi tangu kuvua viatu mpaka kufuta kichwa, na bomba hilo linasukumwa na pampu iliyo chini.

Tuliwajibu wazee hivi. Fedha bado ziko mkononi, hazijawa kisima wala hazijafungwa kuwa waqfu wa kitu maalumu. Basi aandikiwe mwenyewe, aelezwe hali ya maji kwa ukweli, aombwe idhini ya kuzihamisha. Sharti la mtoaji lina heshima yake, nasi hatulivunji kwa rai zetu. Akikataa, zirejeshwe au zitumike mahali ambapo kisima hakidhuru, kwa mfano bara, kwa ridhaa yake. Kisima cha pili kisifukiwe. Kifungwe kwa kifuniko, kipimwe chumvi kila baada ya miezi, na kibaki kwa siku ya dharura. Mmoja wa wazee akauliza, na kibao cha marumaru je? Tukamwambia kibaki palepale, kwani aliyetoa ametoa.

Barua imekwisha kupelekwa. Mpaka tunapokwenda mitamboni jibu halijafika, na fundi amekwisha kuja mara mbili kuuliza lini aanze.

Wabillahi tawfiq.